Kila ghorofa ina mdundo wake: tuurekodi hapa Fort Portal kabla omusisi (tetemeko) mkubwa haujarudi

Araali_Kabarole

Habari zenu nyote.

Usiku wa kuamkia Jumanne wengi wetu huku Tooro, magharibi mwa Uganda, tuliamshwa na tetemeko. Kitanda kilisogea, mabati yakalia kama yanamwagiwa kokoto, mbwa wakabweka mtaa mzima, kisha kimya. Sekunde sita au saba tu. Asubuhi kila mtu alikuwa na la kusimulia, na ilipofika saa nne watu wakawa wamerudi kwenye shughuli zao. Mimi sikuweza, kwa sababu kuna hosteli moja ya ghorofa nne hapa mjini ambayo ina visanduku viwili vya kupima mtikisiko nilivyovifunga kwa bolti kwenye zege, kimoja chini kwenye sakafu ya msingi na kimoja juu kwenye slabu ya paa, na vyote viwili vilirekodi tukio lile mwanzo hadi mwisho.

Mimi ni fundi sanifu wa majengo, miaka kumi na tatu sasa kwenye kazi hii. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha yetu ya kazini: Watooro, Wakonzo wa Bwera, vijana wa kutoka Beni, sote tunaelewana nayo tukiwa tunasuka nondo. Uzi utakuwa mrefu, nitauendeleza kadiri mtakavyouliza.

Jambo lenyewe ni hili. Jengo la zege halijatulia hata siku moja. Upepo ukipita, lori likipita, wanafunzi wakipanda ngazi, jengo linayumba. Linayumba kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, lakini kila jengo lina mwendo wake wa kuyumba, kama ngoma ilivyo na sauti yake. Mafundi wa zamani walikuwa na kanuni ya haraka: chukua idadi ya ghorofa, gawa kwa kumi, utapata takriban sekunde ambazo jengo hutumia kwenda upande mmoja na kurudi. Ghorofa nne ni kama sekunde 0.4. Majengo yetu yaliyojazwa kuta za matofali huwa magumu zaidi ya hapo, yanarudi upesi. Hosteli yangu huyumba mara 3.4 kwa sekunde upande wake mwembamba, yaani hezi 3.4.

Namba hiyo, ndiyo mdundo ninaousema, inategemea vitu viwili: uzito wa jengo na ugumu wake. Uzito haubadiliki ovyo. Ugumu ndio unaoondoka zege linapopasuka, nondo zinapoachana na zege, ukuta unapojitenga na nguzo. Kwa hiyo mdundo ukishuka na uzito ukabaki uleule, kuna kitu ndani kimelegea, hata kama plasta na rangi vimeficha. Na hesabu yake ni kali kuliko watu wanavyodhani. Ugumu huenda na mraba wa mdundo. Mdundo ukishuka kwa asilimia 20, ugumu umeshuka kwa asilimia 36.

Ila yote hayo hayana faida kama hukupima jengo likiwa zima. Daktari anayekutana na mgonjwa kwa mara ya kwanza akiwa tayari amezimia hajui mapigo yake ya kawaida yalikuwaje. Ndiyo sababu ya uzi huu. Majengo ya mji wetu hayajawahi kupimwa mapigo, na mji unapanda juu kila mwezi tangu ulipofanywa jiji mwaka 2020.

FundiMkuu_Bwera

Ndugu Araali, nimesoma kwa makini. Nimemwaga zege tangu enzi za kuchanganya kwa koleo. Nikuulize kwa heshima: kisanduku chako kinaongeza ringi (vyuma vya kuzungushia nondo) ngapi kwenye nguzo? Mimi nimeona nguzo za jengo la ghorofa tano zimefungwa ringi kila futi moja, kulabu zimekunjwa nusu, tena nondo zimeunganishwa zote mahali pamoja juu kidogo ya slabu. Jengo kama hilo halihitaji kupimwa, linahitaji kubomolewa.

Araali_Kabarole

Mzee wangu, hakiongezi hata moja, na sitamwambia mtu yeyote kwamba kinaongeza. Umesema jambo ambalo ningependa kila kijana wa site alisome mara mbili. Ringi ndiyo inayoshika zege la ndani ya nguzo lisimwagike nguzo inapokunjwa huku na huku. Ikikunjwa pembe ya mraba tu, gamba la nje la zege likidondoka inafunguka, na nondo za kusimama zinapinda nje kama mianzi. Kulabu inatakiwa igeuke iingie ndani ya kiini cha nguzo, na sehemu za juu na chini za nguzo, pale inapokutana na boriti, ringi zikaribiane sana kuliko katikati. Uganda tuna kiwango cha usanifu wa majengo dhidi ya matetemeko, US 319 cha mwaka 2003, na tuna Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013. Karatasi zipo.

Lakini majengo yaliyokwisha kujengwa ni mengi kuliko yatakayojengwa mwaka huu, na hatuwezi kupasua kila nguzo kuhesabu ringi. Watu wanalala humo leo usiku. Kipimo ni cha hao.

Koku_Mutukula

Mimi ni wa Bukoba, nimeolewa upande huu wa mpaka. Tarehe 10 Septemba 2016 nilikuwa nyumbani kwa mama, Jumamosi, saa tisa na nusu hivi alasiri. Vipimo vilisema tetemeko lilikuwa la 5.9. Watu 17 walikufa Kagera, shule kama Ihungo na Nyakato zikaharibika, na huku Uganda upande wa Rakai nyumba nazo zilianguka.

Ninachokumbuka zaidi ni siku zilizofuata. Nyumba zilizoanguka hazikuwa na swali. Swali lilikuwa zile zilizosimama. Mama alikataa kuingia ndani wiki mbili, tukalala chini ya migomba. Jirani aliingia siku ileile akapika. Nani alikuwa sahihi? Hakuna aliyetujibu. Ufa ulikuwepo ukutani kwetu lakini mama alisema ulikuwepo tangu zamani, kaka akasema ni mpya. Je, kisanduku hiki kingetusaidia?

Araali_Kabarole

Pole sana dada Koku, na asante kwa kueleza hili, kwa sababu umegusa kiini cha kazi yenyewe.

Kwa nyumba ya matofali ya chini, kisanduku kina msaada mdogo. Pale macho ya fundi mzoefu yanatosha. Kwa jengo la zege la ghorofa kadhaa, ndiyo, kingejibu sehemu ya swali la mama. Ugomvi wa mama na kaka ulikuwa ugomvi wa kumbukumbu: ufa ulikuwepo au haukuwepo. Namba iliyorekodiwa mwezi mmoja kabla haigombani na mtu. Jengo lilikuwa 3.4, baada ya tetemeko limekuwa 3.4, basi hiyo ni habari njema, fundi aingie kukagua bila hofu kubwa. Limekuwa 2.7, watu wabaki nje hadi nguzo zikaguliwe moja moja.

Niwape mfano wa jengo ambalo limepimwa pengine kuliko jengo lolote duniani. Ni maktaba ya Millikan pale Caltech, Pasadena, Marekani, ghorofa tisa za zege, ya miaka ya 1960. Waliweka juu ya paa mashine ya kulitikisa kwa makusudi. Mdundo wa upande wa mashariki na magharibi ulikuwa karibu hezi 1.45 lilipokuwa jipya. Likapitia tetemeko la San Fernando la Februari 1971, likapitia mengine, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa limeshuka hadi karibu 1.14. Halikuanguka, watu waliendelea kulitumia. Ila ugumu liliokuwa nao siku ya kwanza halikuwa nao tena, na hilo lilijulikana kwa sababu tu kulikuwa na siku ya kwanza iliyoandikwa.

Jambo jingine walilogundua pale linatuhusu sana sisi wa mvua. Mdundo wa maktaba ile huhama kidogo hata bila tetemeko. Mvua kubwa ikinyesha unapanda, jua kali nalo linaupandisha, upepo mkali unaushusha. Ni asilimia chache, lakini ukipima mara moja tu mwezi wa Aprili kisha ukapima tena Julai, unaweza kuona mabadiliko ukadhani jengo limeumia kumbe ni udongo uliolowa. Kwa hiyo pima majira yote ya mwaka, mvua za Machi hadi Mei, kiangazi, mvua za mwisho wa mwaka. Ndipo utajua kupanda na kushuka kwake kwa kawaida.

Sanyu_wa_Mbarara

Kaka Araali, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Simu yangu ina aksilomita, yaani kihisi cha mtikisiko, ndani. Siwezi kuiweka tu sakafuni juu ya paa nikapata mdundo wa jengo?

Araali_Kabarole

Swali zuri dada Sanyu. Nilianza na simu mimi pia. Tatizo ni kwamba kihisi cha simu kina kelele zake chenyewe, na mtikisiko wa kila siku wa jengo fupi ni mdogo kuliko kelele hizo. Ni kama kusikiliza mtu anayenong'ona ukiwa kando ya jenereta. Tetemeko la kweli likija, simu itasikia vizuri. Ila wakati huo hakuna anayekumbuka kuiacha simu imelala sakafuni.

Kwa minong'ono, jiofoni ni bora. Ni koili na sumaku kwenye springi, imetumika miaka mingi kwenye utafutaji wa mafuta, na si ghali sana. Kwa mitikisiko mikubwa, aksilomita, kwa kuwa jiofoni hugonga mwisho wa springi yake ikazidiwa. Visanduku vyangu vina vyote viwili.

Kuhusu kufunga, haya niliyajifunza kwa makosa. Usiweke juu ya tailsi. Tailsi isiyoshikamana na zege inapiga ngoma yake yenyewe. Toboa zege, funga bolti. Kimoja lazima kiwe chini kabisa, maana bila kujua ardhi ilifanya nini huwezi kujua jengo lilijibu nini. Juu, ukiweza, weka viwili kwenye pembe mbili zinazotazamana, kwa sababu jengo halijui kuyumba tu, hujisokota pia, hasa likiwa na ngazi za zege upande mmoja na kioo upande mwingine. Kikiwa kimoja tu katikati, msokoto hutauona kabisa. Saa za visanduku vyote zisomwe kutoka setilaiti za GPS, zikipishana hata sehemu ndogo ya sekunde utalinganisha mawimbi yasiyolingana. Mimi hurekodi sampuli 200 kwa sekunde.

Na betri! Umeme wa huku mnaujua. Tetemeko kubwa litakata umeme sekunde ileile unayouhitaji, na mtandao wa simu utajaa. Data ikae kwanza kwenye kadi ndani ya kisanduku, na kisanduku kiishi kwa betri yake si chini ya siku mbili.

Mwisho kwako wewe unayesoma uhandisi: usivutiwe kupata sentimita za kuyumba kwa kujumlisha aksilomita mara mbili bila uangalifu. Kosa dogo kabisa la sifuri hukua hadi grafu ikuonyeshe jengo limehamia mtaa wa pili. Chuja kwanza mawimbi marefu.

Sanyu_wa_Mbarara

Nimeelewa. Hapa Mbarara kuna kituo cha matetemeko kilichomo kwenye mtandao wa dunia, tulipelekwa kukiona. Data zake hazitoshi?

Araali_Kabarole

Kituo hicho ni cha thamani kubwa, na watu wa jiolojia wa Entebbe wanafanya kazi ya kufuatilia matetemeko ya nchi nzima. Lakini vituo vyao vinasikiliza ardhi, na mahali pake ni kwenye mwamba, mbali na kelele. Vinakwambia tetemeko lilianzia wapi na lilikuwa na ukubwa gani. Havikwambii ghorofa ya nne ya hosteli ilisogea sentimita ngapi kutoka ghorofa ya tatu. Na hicho ndicho kinachovunja nguzo: tofauti ya mwendo kati ya sakafu moja na inayofuata. Ghorofa yenye urefu wa mita 3, sakafu zikipishana sentimita 3, hiyo ni asilimia moja, na nguzo yenye ringi za futi moja alizozisema mzee wa Bwera ipo hatarini tayari. Ukuta wa matofali utakuwa umepasuka mapema zaidi, kwa milimita chache tu.

Abwooli_Mzee

Wanangu, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia. Mwaka 1966 nilikuwa mtoto wa miaka minane, Bwamba. Ilikuwa alfajiri ya Jumapili, mwezi wa tatu. Nyumba yetu ilikuwa ya fito na udongo, nyasi juu. Iliinama ikabaki imeinama, tukatoka kwa kutambaa. Nyumba ya matofali mabichi ya jirani ndiyo iliyoua. Baada ya hapo ardhi iliendelea kutetemeka miezi, mpaka tukazoea kula tumesimama. Mwaka 1994 nikiwa mtu mzima ukaja ule wa Kisomoro, usiku, nao ukachukua watu. Leo nikiangalia haya maghorofa nawaza: sisi tuliangukiwa na nyasi. Hawa watoto wataangukiwa na nini?

Araali_Kabarole

Mzee Abwooli, webale (asante) kutukumbusha. Kwa wasiojua: tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 lilikuwa la ukubwa karibu 6.8 na liliua watu zaidi ya 100 upande wa Bwamba na ng'ambo Congo. La Kisomoro, Februari 1994, lilikuwa karibu 6.2, wakafa wanane. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka thelathini, na karibu majengo yote marefu ya mji huu yamejengwa ndani ya miaka hiyo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokwisha kujaribiwa na tetemeko la aina ile.

Lakini milima yetu inatupa kitu ambacho wenzetu wengi hawana. Rwenzori ni bonge la mwamba lililosukumwa juu kati ya kingo za Bonde la Ufa, kilele cha Margherita kiko mita 5,109, na bado linasukumwa. Chini yake kuna matetemeko madogo mamia kila mwezi, mengi hatuyasikii kabisa. Kila moja ni nyundo ndogo inayogonga majengo yetu bila gharama. California wanahitaji mashine juu ya paa. Sisi tunahitaji tu kuwa tumeacha kisanduku kimewashwa.

Ndivyo ilivyokuwa Jumanne. Kabla ya mtikisiko hosteli ilikuwa 3.4. Mtikisiko ulipokuwa mkali ikashuka hadi 3.2, kisha ikapanda polepole, na baada ya saa moja ikarudi ilipokuwa. Hiyo ni tabia ya zege lenye afya: nyufa zake ndogo hufunguka zikitikiswa, kisha hujifunga. Ingebaki 3.2 ningekuwa na wasiwasi.

Mpangaji_Bwaise

Sisi wa Kampala tupo mbali na Rwenzori, hili halituhusu sana, au?

Araali_Kabarole

Ndugu, uko Bwaise, na Bwaise ni bonde lenye udongo laini uliokuwa kinamasi. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ukubwa wa 8 lilitokea pwani ya Mexico, zaidi ya kilomita 300 kutoka jiji la Mexico. Jiji lile sehemu yake kubwa limejengwa juu ya tope la ziwa la zamani. Tope likayumba kwa mwendo wa kama sekunde mbili, na majengo yaliyokuwa na mwendo unaokaribiana na huo, ya ghorofa sita hadi kumi na tano hivi, ndiyo yaliyoteketea zaidi. Mafupi mengi yalisimama, na yaliyokuwa marefu sana pia. Mtoto kwenye bembea ukimsukuma kwa wakati wake anapaa. Ukimsukuma ovyo hapandi.

Sisemi Bwaise ni Mexico. Matetemeko yetu si ya ukubwa ule na tope letu si refu kama lao. Nasema kuna maswali mawili, udongo wako una mwendo gani na jengo lako lina mwendo gani, na yote mawili yanapimwa kwa kisanduku hikihiki, kimoja kikiwa uani na kingine paani, usiku mmoja tu.

Landlord_Ntinda

Nina majengo mawili. Nizungumze wazi: nikikuruhusu kupima, ukapata namba mbaya, ukaiandika hapa, wapangaji watahama na benki itanipigia. Kwa nini nikubali?

Araali_Kabarole

Mzee, hofu yako ni ya haki na sitaipuuza. Rekodi ni ya mwenye jengo. Siandiki jina la jengo hapa na sijaandika la hosteli. Lakini nitakusimulia kilichotokea kwenye hosteli ileile, kwa idhini ya msimamizi wake, kwa sababu ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu.

Nilipoanza kupima, miezi tisa iliyopita, kitu cha kwanza kisanduku kilichokiona kilikuwa matangi. Waliongeza matangi mawili ya lita 5,000 juu ya paa. Wiki ile mdundo ukashuka kidogo, kutoka 3.40 hadi 3.35. Tani kumi juu ya paa, hesabu ikakubali. Matangi yakahamishiwa chini, mdundo ukarudi. Nilifurahi, nikajua mashine haidanganyi.

Kisha mimi na msimamizi tukapima jengo la pili, la ndugu yake, mtaa wa jirani. Hili lilikuwa na maduka chini na vyumba vya wanafunzi juu. Lilisoma hezi 3.4 pia, karibu sawa. Miezi mitatu baadaye nikarudi kwa kipimo cha msimu wa kiangazi. Likasoma 2.9. Nikadhani kifaa kimeharibika. Nikafunga upya, nikarudia usiku kucha. 2.9. Nikashuka chini, na ndipo nikaona: kuta tatu za matofali kati ya maduka zilikuwa zimevunjwa ili kupata supamaketi moja pana. Kuta ambazo kwenye ramani hazibebi kitu. Kwenye ramani kweli hazikubeba. Kwa mtikisiko wa pembeni zilikuwa zimebeba robo ya ugumu wa jengo zima. Pigeni hesabu wenyewe: 2.9 kwa 3.4, mraba, inabaki asilimia 73.

Sasa jengo lile lina kuta juu na halina kuta chini. Likitikiswa, ghorofa za juu zitakwenda kama boksi moja, na kupinda kote kutaangukia nguzo za chini peke yake. Hilo si wazo langu. Mwaka 1979, tarehe 15 Oktoba, kule El Centro, California, kulikuwa na jengo la ofisi za serikali ya wilaya, ghorofa sita za zege, limesanifiwa kwa kanuni za wakati wake. Ukuta mkubwa wa zege wa upande wa mashariki haukufika ardhini, uliishia juu ya nguzo nne. Ndani yake kulikuwa na vihisi 13. Tetemeko la 6.5 lilipopita, nguzo nne hizo zilipondeka chini, na vihisi vikarekodi jengo likivunjika. Lilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza duniani kurekodiwa likiumia namna hiyo. Halikuanguka, lakini lilibomolewa. Wahandisi wa nchi nyingi wamejifunza kutokana na mistari ile 13.

Sisi tumepata onyo letu kabla ya tetemeko. Mwenye jengo alikasirika siku mbili, siku ya tatu akanipigia simu. Tumekubaliana kurudisha ukuta mmoja, safari hii wa zege lenye nondo toka msingi, na kufunga nguzo nne za mbele kwa koti la zege lenye ringi za karibu. Mhandisi aliyesajiliwa ndiye anayechora. Supamaketi itakuwa nyembamba kidogo. Vyumba 38 vya wanafunzi viko juu yake.

Hiyo ndiyo sababu ya kukubali, mzee wa Ntinda. Namba mbaya ipo kwenye jengo tayari, iwe imepimwa au haijapimwa.

FundiMkuu_Bwera

Hapo umenishika. Nimevunja kuta za aina hiyo mara ngapi! Mwenye nyumba anasema "hii ni partisheni tu", nachukua nyundo. Sikuwahi kufikiri jengo linaegemea hapo.

Koku_Mutukula

Gharama je? Nani atalipa? Watu wa kawaida hawatanunua.

Araali_Kabarole

California walianzisha mpango wao mwaka 1972, baada ya San Fernando, na wakaulipia kwa sehemu ndogo ya ada ya vibali vya ujenzi. Kila anayejenga anachangia kidogo, vihisi vinawekwa kwenye majengo yaliyochaguliwa, data ni ya wote. Sisi tunalipa ada za vibali tayari. Ningependa kuona halmashauri za Kabarole, Bundibugyo, Kasese na Bunyangabu zikianza na majengo machache: hospitali moja, shule moja ya bweni, tangi moja la maji la zege. Hospitali kwanza. Siku ya tetemeko kila jengo linaweza kufungwa isipokuwa hilo, na ndilo ambalo daktari anahitaji kuambiwa ndani ya dakika chache kama wodi ya juu ibaki na wagonjwa au watolewe.

Kwa sasa hatuna hilo. Tuna visanduku viwili na ninatengeneza cha tatu. Bila kungoja mtu, tunaweza kwenda jengo kwa jengo: usiku mmoja kwa kila moja, namba inaandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe, mvua, kiasi cha maji kwenye matangi na picha za kila ufa ulioonekana. Daftari linabaki kwa mwenye jengo, nakala kwangu.

Abwooli_Mzee

Mjukuu ananisomea. Mwanangu Araali, kuna shule ya bweni ambayo mimi ni mwenyekiti wa wazazi. Ghorofa tatu, mabweni ya wasichana juu. Njoo upime. Nitazungumza na mwalimu mkuu kesho baada ya misa.

FundiMkuu_Bwera

Ghorofa hilo kama ndilo ninalolidhania, nguzo zake nilizimwaga mimi, mwaka 2009. Nataka niwepo. Nitakuonyesha ringi zilivyo, maana picha nilipiga.

Araali_Kabarole

Mzee Abwooli, nimekubali kwa mikono miwili. Mzee wa Bwera, picha zako zina thamani kuliko kisanduku changu, zilete zote. Jumamosi saa kumi jioni, watoto wakiwa uwanjani, tufunge kabla giza halijaingia, turekodi mpaka alfajiri. Nitakuja na drili na bolti. Naomba mtu mmoja aniandalie ngazi ya kufikia paa, na mwalimu asijaze matangi usiku huo.

Sanyu_wa_Mbarara

Nitapanda basi Ijumaa. Naweza kushika daftari?

Araali_Kabarole

Karibu sana. Njoo na koti zito, paani usiku kuna baridi.